Bustani ya mteremko yenye maji: ukuta au vetiva, bwawa au mtungi?

Ukuta wangu wa kwanza ulilala usiku mmoja wa Aprili. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijiinamia taratibu kama mzee anayetafuta kiti, na asubuhi nikakuta mita 6 za mawe na saruji ziko juu ya migomba yangu, udongo mwekundu nyuma yake bado unatiririka. Fundi ndiye aliyenishawishi tusiweke matundu ya kutolea maji. "Mama, yale matundu yanaacha michirizi, ukuta unachafuka." Nikamkubalia, maana kweli ulikuwa unapendeza.

Tunakaa Bigwa, Morogoro, pale Uluguru inapoanza kunyanyuka. Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 30, na kutoka ukingo wa juu hadi wa chini kinashuka mita 5. Tangu usiku ule nimejenga upya, nimefukia bwawa moja kwa mikono yangu, na nimeshauri majirani kadhaa waliotaka bustani kama yangu. Kila anayekuja huanza na picha kwenye simu: maporomoko, samaki wekundu, taa za bluu. Mimi huwauliza jambo moja tu: mvua ikinyesha, maji ya hapa kwako yanapita wapi?

Si swali la kumkatisha mtu tamaa. Mvua moja kubwa ya masika ikileta milimita 50, kiwanja cha mita za mraba 600 kinapokea lita 30,000. Ni matangi 30 ya lita 1,000, na hapo sijahesabu yanayoshuka kutoka kwa jirani wa juu. Paa lenyewe, likiwa la mita za mraba 100, linamwaga lita 5,000 ndani ya saa chache. Kabla hujachagua kijito cha kununuliwa, ujue kwamba unacho tayari cha bure, na hakina adabu.

Pima kwanza. Huhitaji mtaalamu kwa hilo. Chukua mpira mwembamba wa kuonea, ujaze maji, mmoja ashike ncha ya juu na mwingine ya chini. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja ncha zote mbili. Pima tofauti kwa futi kamba, rudia kila baada ya mita 5, andika. Gawanya mshuko wote kwa urefu wa kiwanja: cha kwangu, mita 5 kwa 30, kilitoka asilimia 17. Chini ya asilimia 10 sioni haja ya kujenga ukuta wowote, matuta ya nyasi yanatosha. Ukivuka 30, au ukitaka ukuta mmoja unaozidi mita moja na robo, mlipe mhandisi aje akague. Ni ghali, ila mimi ninajua bei ya kutomlipa.

Kushika udongo: saruji, mawe makavu, au vetiva

Ukuta wa mawe na saruji ndio watu wengi wanaoutaka, na una sababu zake. Unachukua nafasi ndogo, unasimama wima, na juu yake unapata eneo tambarare hadi ukingoni kabisa. Kiwanja kikiwa kidogo, hiyo ni faida ya kweli. Tatizo ni kwamba ni bwawa lisilojijua. Maji yakizuiwa nyuma ya ukuta wa mita 1.5 hadi yakajaa, yanasukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani moja kwa kila mita ya urefu wa ukuta, na huo ni msukumo wa maji peke yake, udongo bado. Hakuna saruji ya kawaida ya bustani itakayoshindana na hilo kila masika.

Kwa hiyo ukiuchagua, mambo mawili hayajadiliwi: mabomba ya kutolea maji ya inchi 2, kila baada ya mita moja na nusu, yakianzia karibu na ardhi, na nyuma yake kokoto, upana wa sentimita 30 hivi, kutoka chini hadi karibu na juu. Ukuta wangu wa pili una hayo yote. Michirizi ipo. Nimepanda mizabibu-pori ya kutambaa juu yake, na sasa fundi mwenyewe huleta wateja waje kuutazama.

Mawe makavu, yaani ukuta usio na saruji kabisa, ndiyo chaguo langu kwa kila tuta lisilozidi mita moja. Maji yanapita katikati ya mawe yenyewe. Udongo ukitembea kidogo, ukuta unatembea nao bila kupasuka, na jiwe likichomoka unalirudisha Jumamosi. Lakini una kanuni zake: chini uwe na upana wa nusu ya kimo chake, uegemee mlimani, yaani kila ukipanda sentimita 60 urudi nyuma 10, na jiwe refu liingie ndani, lisilazwe kwa nje ili kupendezesha uso. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wamezoea saruji ifiche uvivu. Simama na fundi wako siku ya kwanza, na akililaza jiwe kwa nje mwambie umeliona.

Vetiva ni habari nyingine. Nyasi hii mizizi yake inashuka moja kwa moja, mita 2 hadi 3, wala haisambai kama ukoka. Unapanda vipande vyake kwa mstari unaofuata usawa wa kilima, sentimita 10 hadi 15 kati ya kipande na kipande, na baada ya misimu miwili ya mvua inafunga kama uzio. Udongo unaoshuka unakwama nyuma yake, na tuta linajijenga lenyewe. Gharama yake ukilinganisha na ukuta ni kichekesho. Mstari wangu wa mita 20 ulinigharimu vibarua wawili kwa siku moja na chai. Hasara yake ni subira. Msimu wa kwanza haishiki kitu, na wageni watakuuliza kwa nini umepanda majani uani.

Gabioni, zile sanduku za wavu zilizojazwa mawe kama zinavyowekwa kwenye barabara za milimani, sizipuuzi. Zinapitisha maji vizuri na hazihitaji fundi hodari. Ila kwa macho yangu zinaifanya bustani ionekane kama daraja linalosubiri lami.

Kuna jambo la historia hapa ambalo wenyeji wa Uluguru hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 1955 watu wa milima hii waliukataa kwa nguvu mpango wa Waingereza wa kuwalazimisha wachonge matuta ya ngazi mashambani. Sababu za siasa zilikuwapo, lakini ya shambani ilikuwa wazi: udongo wa rutuba huku ni mwembamba, na ukichonga ngazi kwa pupa unaufukia mweusi na kuupandisha juu mwekundu usiozaa. Walioagiza matuta waliona wakulima wakaidi. Wakulima waliona mahindi hayaoti.

Nami niliyarudia makosa hayohayo bila hata mkoloni kunilazimisha. Tuta langu la juu lilikaa miaka miwili likiwa na maua manjano yaliyodumaa, hadi mzee jirani aliposimama kwenye ua, akaokota bonge la udongo, akalisaga kiganjani na kuniambia, "Mwanangu, huu ni wa kutengenezea matofali." Kwa hiyo, uwe umechagua ukuta upi, ondoa kwanza udongo mweusi, urundike pembeni, ufunike kwa turubai, chonga ngazi zako, kisha urudishe juu. Ni siku mbili zaidi za toroli.

Maji: chaguo nne

Hapa ndipo picha za simu zinapoingia. Nitaanza na ile inayopendwa zaidi na ninayoishauri kwa wachache zaidi.

Kijito kinachoshuka hadi bwawa la samaki. Hakuna kinachoushinda uzuri wake, hasa kwenye mteremko, kwa kuwa mteremko umeshakupa maporomoko. Kwenye uwanja tambarare watu huyatengeneza kwa kifusi na yanaonekana kama kichuguu. Lakini hesabu ni hii. Ukitaka maji yaanguke kama kitambaa badala ya kudondoka kama koki mbovu, ukingo wa maporomoko wenye upana wa shubiri moja unahitaji karibu lita 3,000 kwa saa. Kuzipandisha mita 3 kutoka bwawani hadi juu unahitaji pampu ya wati 80 hivi. Na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopandishwa popote. Soma ile jedwali ndogo ya pembeni, inayosema kwa mita 3 pampu inatoa kiasi gani. Mimi sikuisoma. Maji yakafika juu yakiwa yamechoka.

Bwawa la samaki linataka mzunguko usiku na mchana. Wati 80 kwa saa 24 ni karibu uniti 2 kwa siku, uniti 58 kwa mwezi. Ikiwa wewe ni mteja wa matumizi madogo, yule asiyetakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu, samaki wako watakubakizia uniti 17 tu za friji, taa na mengine yote.

Halafu kiangazi. Bwawa la mita za mraba 6 linapoteza karibu lita 30 kwa siku kwa jua pekee, ndoo moja na nusu, bila kuhesabu yanayoruka kwenye maporomoko. Wakati wa mgawo wa maji, kujaza bwawa huku jirani anapanga foleni ya ndoo kunakula roho. Ndiyo sababu moja ya mimi kulifukia la kwangu.

Sababu nyingine ilikuwa wageni wa bwawa. Niliweka perege, wakawa wanakula viluwiluwi vya mbu vizuri kabisa, kisha akaja korongo wa miguu mirefu, akawa anasimama asubuhi kama ameajiriwa. Nikaongeza kambare, nikifikiri ni wakubwa hawaliki. Kambare walikula perege waliobaki, na usiku wa mvua bwawa lilipofurika wakaondoka kwa miguu, kama wana miguu. Kambare anaweza kujivuta juu ya majani yaliyolowa umbali usioamini. Mmoja tulimkuta kwenye mfereji wa barabarani. Wawili nadhani walifika sokoni kwa njia zao.

Ukiamua bwawa hata hivyo, panda yungiyungi lifunike karibu nusu ya uso wa maji. Kivuli kinapunguza mwani. Magugu maji usiyaguse, hata upewe bure. Ziwa Viktoria linajua yalichofanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bwawa la mteremkoni lina tabia ya kufurika na kupeleka kila kilichomo hadi mtoni. Kama una mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea, weka wavu imara wa nondo juu ya uso wa maji, au ahirisha bwawa hadi akue. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja. Na umeme wa pampu upite kwenye swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Hilo halina chaguo la bei nafuu.

Maporomoko yasiyo na bwawa. Maji yanashuka juu ya mawe, yanafika chini, yanapotelea kwenye kokoto. Chini ya kokoto kuna tangi la lita 500 limezikwa, pampu ndani yake, na mzunguko unaanza upya. Sauti ni ileile, mteremko unatumika uleule, lakini hakuna maji ya wazi: mtoto hana pa kuzama, mbu hana pa kutagia, korongo hana cha kusubiri. Unaizima usiku au ukisafiri, hakuna kiumbe kinachokufa. Ukiiwasha saa 5 kwa siku inakula uniti 12 kwa mwezi.

Kosa la kuepuka ni tangi dogo. Kijito cha mita 8, upana wa sentimita 40 na kina cha 5, kinabeba lita 160 njiani. Ukizima pampu zote zinarudi chini kwa mkupuo, ukiwasha zote zinatoka. Tangi la lita 200 litafurika jioni na kukauka asubuhi, na pampu inayozunguka bila maji inaungua.

Mtungi unaobubujika. Chungu kikubwa cha udongo kilichotobolewa chini, bomba likapita, maji yakafurika mdomoni na kuingia kwenye kokoto. Pampu ya wati 15 inatosha. Kwa aliyepanga, au mwenye kibaraza na tuta moja tu, sioni kwa nini atafute kingine. Dada yangu Moshi anacho kimoja, amekiweka pembeni ya dirisha la chumba cha kulala, na anasema usingizi umebadilika. Kwenye kiwanja kizima cha mteremko, hata hivyo, mtungi unapotea, na maji ya mvua yanaendelea na mambo yake bila kuutazama.

Korongo kavu la mawe. Hili ndilo nililonalo sasa. Nililala kitandani masika nzima nikisikiliza maji yanapita wapi, kisha nikatembea na mwamvuli nikichomeka vijiti. Kiangazi kilipofika nikachimba palepale yalipopita: mfereji uliopinda, upana wa mita moja, kina cha sentimita 40, ukitandikwa kitambaa cha kuchuja udongo, kisha mawe ya ukubwa mbalimbali, makubwa kwenye kona. Gata za paa zinamwaga humo. Kila maji yanaposhuka tuta moja nimeweka jiwe bapa kubwa yaangukie, yasichimbe. Chini kabisa kuna shimo pana la kokoto lenye magimbi na mafunjo, maji yananywewa na ardhi taratibu, na ziada inatokea mferejini.

Miezi saba ya mwaka halina tone. Linaonekana kama mto wa mawe, na wageni wengine huuliza lini litakamilika. Lakini masika yakifika hunipata kibarazani na kikombe, nikitazama maporomoko manne yasiyotumia hata uniti moja.

Bitana ya bwawa na nishati, kwa kifupi

Bwawa la saruji kwenye mteremko hupasuka, kwa sababu udongo wa mteremko hautulii. Plastiki nene ya mabwawa ya samaki hunyumbulika, na ikitoboka unabandika kiraka. Udongo wa mfinyanzi ni wa wenye ardhi tambarare na wasaidizi wengi.

Sola kwa pampu ina kasoro moja isiyosemwa dukani: bila betri inakupa maporomoko saa 6 mchana ukiwa kazini, na kimya saa 1 jioni unaporudi kutaka kuyasikia. Ukiongeza betri, bei inaongezeka mara mbili au zaidi. Kwa mtungi wa wati 15 inafaa. Kwa kijito kikubwa bado napenda umeme wa kawaida na kifaa cha kuweka saa.

Wewe uchukue lipi?

Kama kiwanja chako kinafika mtoni, simamisha kwanza ndoto ya kuchepusha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kuchepusha maji kunataka kibali cha bodi ya bonde. Kwetu ni Wami/Ruvu. Usidanganywe na jirani anayesema yeye alichimba tu. Mito mingi ya milima hii inakwenda Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam.

Mwenye fedha kidogo na haraka kidogo, ninamwambia vetiva na korongo kavu, mwaka huu. Maporomoko yasiyo na bwawa yaje mwaka kesho, juu ya tuta lililokwisha kutulia. Kuyajenga kwenye udongo uliochongwa mwezi uliopita ni kuyapeleka yakainame. Mwenye kiwanja kidogo na mteremko mkali hana budi kujenga ukuta wa saruji, basi ajenge kuta mbili fupi badala ya moja ndefu, na katikati upite mfereji. Anayependa samaki kwa moyo wote, sitamzuia; ila bwawa aliweke tuta la katikati. Tuta la chini kabisa ndilo linalopokea matope ya juu yote, na huko ndiko mimi niliweka langu.

Mimi nimebakiza jambo moja. Chini kabisa ya korongo, penye shimo la kokoto, nimezika tangi la lita 500 lililotoka kwenye bwawa la zamani, na pampu ipo stoo, imefungwa kwenye gazeti. Mume wangu anataka tuiwashe Krismasi. Nimemwambia tusubiri masika moja zaidi, nione kwanza kona ya tatu kama itashika. Mwaka jana lile jiwe la pale, ambalo watu watatu walilibeba, lilisogea kiasi cha kiganja.